Nduru Niliyompigia Mjukuu Aliye Hai

Majina ya watu wa ukoo wetu ninayo yote kichwani, walio hai na waliolala, hata ya wale watoto waliokufa kabla ya kuota meno. Watu wakigombana kuhusu nani alizaliwa na nani, huja kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa chifu. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Kwetu jina si la kumwita mtu aje kula tu. Jina ni mtu mwenyewe.

Mjukuu wangu huyu ana jina langu. Baba yake ni mwanangu wa kwanza, na binti yake wa kwanza alipozaliwa alipewa jina la mama wa baba, kama tunavyofanya sisi Wakamba. Tangu siku hiyo baba yake hajawahi kumwita kwa jina. Anamwita mwaitu, yaani mama yetu, vile vile anavyoniita mimi. Mtoto alipovunja kikombe, mama yake alitafuta fimbo, lakini baba alimeza mate akasema, "Mwaitu, angalia usijikate." Na mimi na mtoto tulitaniana tangu alipokuwa anatambaa. Babu yake alipokuwa hai tulikuwa wake wenza, tunagombania mzee mmoja asiye na meno.

Aliletwa kwangu Ikutha wakati wa kuvuna ndengu. Baba yake ana duka Kikima, kule juu kwenye baridi na migomba. Msichana alikuwa anasoma koleji Kitui mjini, akaacha kula, akaacha kwenda darasani, akawa analala mchana kutwa amejifunika uso. Walimpeleka hospitali, daktari akasema ni ugonjwa wa mawazo, akampa vidonge. Kikima watu wakaanza kuuliza maswali dukani. Basi baba yake akampandisha kwenye pikapu, wakashuka milima, wakavuka mto Athi, wakaja kwangu.

"Mwaitu," akaniambia, "akae hapa apate hewa."

Hewa gani? Huku kwetu wakati ule jua linakaanga hata mawe. Lakini nilijua alichomaanisha. Alitaka akae mahali ambapo wateja wake hawamwoni.

Siku za kwanza msichana hakusema kitu. Nilimpa uji, akauangalia mpaka ukafanya ngozi. Nikamwekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akachagua punje kama kuku mgonjwa. Nilikaa naye tukipura ndengu, nikamwambia habari za watu wote niliowajua, akawa anatingisha kichwa tu. Mwishowe nikamwuliza wazi, "Mke mwenza, ni nani amekufanya hivi? Ni mwanamume?"

"Hakuna mtu, susu," akasema, yaani bibi.

"Basi ni nini?"

"Ni kama nimefungiwa ndani ya debe. Nawasikia mkiongea huko nje. Kifuniko ndicho hakifunguki."

Mimi nilisoma kidogo sana, sijui magonjwa ya kichwa. Lakini debe nalijua. Niliwahi kuingiza mkono ndani ya debe la mafuta nikitafuta kijiko, ukakwama, nikalia mpaka mama yangu akaja. Nikajaribu kufikiria mwili mzima ukiwa umekwama hivyo.

Hali ilibadilika kidogo asubuhi moja aliponiomba turubai la kuanikia ndengu.

"La nini?"

"La mazoezi. Tulifundishwa na mwenzetu koleji. Daktari alisema nisiache, niyafanye pamoja na vidonge."

Neno lenyewe ni yoga. Nilimwuliza ni dawa ya kunywa au ya kupaka, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aletwe, na kwa sababu ya kicheko hicho ningempa hata blanketi langu. Nikasukuma ndengu pembeni ya uwanja, nikamwachia turubai ndani ya nyumba kubwa, kati ya magunia na mtungi wa maji. Aliweka simu juu ya gunia. Ndani ya simu mwanamke mmoja alikuwa anaongea polepole kama anayebembeleza mtoto.

Mimi nilikaa mlangoni nikisuka kiondo, nikitazama. Aliinama miguu ikiwa imenyooka, mikono ikagusa chini.

"Unapalilia nini hapo?" nikamwuliza. "Magugu yako nje."

"Susu, usinichekeshe, napoteza pumzi."

"Mimi nimeinama hivyo maisha yangu yote na hakuna aliyenipiga picha."

Akaanguka kwa kucheka. Kisha akaanza tena. Alikuwa anavuta pumzi kwa pua, anaishika, anaiachilia kwa mdomo taratibu kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Siku hiyo alikula nusu ya chakula chake. Siku nyingine hakula kitu, lakini alioga. Nisidanganye mtu: haikuwa kwamba amepona. Kuna asubuhi alizokunja turubai katikati, akakaa juu yake akilia. Lakini alikuwa na kitu cha kuamkia, na mimi nilikuwa na kitu cha kumwamshia.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa naogopa kila nilipomwona amelala muda mrefu. Jirani yetu wa chini alikuwa na kijana mwenye ugonjwa huo huo. Naye alikuwa na vidonge vya hospitali. Watu wa kanisa wakashauri apelekwe kambi ya maombi, ng'ambo ile ya mto, karibu na barabara kuu. Kule vidonge vilichukuliwa, kwa maana walisema imani haichanganywi na dawa. Mlango ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka aliposimama mbele ya watu akatoa ushuhuda kwamba amepona. Alirudi akitabasamu. Alimsalimia kila mtu njiani. Kabla mahindi hayajakauka tulimzika, na wote tulijua ni yeye mwenyewe aliyejitoa uhai, ingawa mazishini hilo halikutamkwa. Mama yake mpaka leo hupita kwangu akaomba chumvi ambayo haihitaji, ili tu akae na mtu.

Basi siku moja nilikuwa nimetoka kisimani na punda. Nikafika, nikamwita, hakuitika. Nikaingia kutoka kwenye jua kali, macho hayaoni vizuri. Nikamwona kwenye turubai, amelala chali, miguu imeachana, viganja vimeangalia juu, macho yamefungwa. Simu ilikuwa kimya. Nikamwita kwa jina lake, yaani langu. Hakusogea.

Nilipiga nduru.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa hilo. Nduru si kelele ya kawaida. Mwanamke akipiga nduru, jembe linaangushwa, mtoto anaondolewa titi, watu wanakimbia bila kuuliza. Na ikishatoka mdomoni hairudishwi. Huwezi kusema samahani, nilikosea. Waliokimbia lazima waonyeshwe walichokimbilia.

Msichana aliruka kama swala. "Susu! Susu, ni mimi! Niko hai!"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Ni mwisho wa mazoezi! Unalala unapumzika. Unaitwa mkao wa maiti."

"Wa nani?"

"Wa maiti, susu. Ni jina tu."

Nilikaa chini. Jina tu! Mtu mzima na akili zake, nyumbani kwangu, anacheza kuwa maiti! Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika kifuani, na kabla sijachagua, uwanja ulikuwa umejaa. Walikuja na mapanga, walikuja na majembe, mwingine amebeba kamba ya mbuzi. Jirani wa chini, mama wa yule kijana, ndiye aliyetangulia, hana hata viatu, na uso wake siwezi kuusahau. Alimgusa msichana mashavu yote mawili, kisha akatoka nje akatapika.

Niliwaeleza nilichokiona, mpaka na jina la mkao ule. Wanaume walipoona hakuna nyoka wala mwizi, walirudi zao wakinung'unika. Wanawake walibaki. Wa kwanza kuongea alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, mwanamke mwenye moyo mzuri, lazima niseme. Nilipovunjika mguu ndiye aliyenipalilia shamba. Aliokota simu pale juu ya gunia. Picha ilikuwa imesimama mahali yule mwanamke amekunja miguu, amefumba macho, vidole vimeungana.

"Huyu anaomba nani?" akauliza.

"Haombi mtu," msichana akasema. "Anapumua."

"Hata mbuzi anapumua, na hafumbi macho."

Wengine wakacheka, yeye hakucheka. Mwanamke mmoja mzee akanong'ona, lakini mnong'ono wa kusikika, "Kwa mama wa susu yake walikuwa wanacheza kilumi."

Kilumi ni ngoma ya zamani. Ilipigiwa mwanamke aliyepandwa na aimu, roho za watu wa kale, acheze mpaka zitulie. Ni kweli mama yangu aliicheza. Sote tuliokuwa pale mama zetu waliicheza, na sote tuliokoka tukaiacha, wala hatuitaji. Lakini jina hilo lilipotajwa, kila mtu aliangalia turubai lile kama kwamba kuna kitu kimekaa juu yake. Na wakaniangalia mimi. Kwa sababu kama aimu wamemfuata msichana, watakuwa wamepitia wapi kama si kwenye jina?

"Ana ugonjwa wa mawazo," nikasema. "Amepewa vidonge hospitalini."

"Vidonge tunavijua," mwenyekiti akajibu kwa upole. "Na kulala kama maiti ni dawa ya hospitali pia? Mama, mtoto akijiita maiti, kifo kitaitika. Wewe ndiwe uliyepiga nduru. Roho yako imekuambia kweli."

Hapo alinishika. Ni kinywa changu kilichowaita.

Jioni hiyo hiyo mwanangu alikuwa ameshapigiwa simu. Alikuja kesho yake na pikapu, amevaa shati la kanisani. Aliegesha karibu na mlango, akaingia bila kunywa maji. Tulikuwa tumekaa sote wawili, mimi kwenye kigoda, binti yake kwenye turubai.

"Mwaitu," akasema, "jitayarishe tuondoke."

Tuliinua vichwa pamoja. Wakati mwingine wowote tungecheka.

"Unaongea na nani?" nikamwuliza.

"Na yeye. Anaenda maombi. Nimeshaongea na wenye kambi."

"Kambi gani?"

Msichana aliinuka kwenye turubai. "Baba, kule wananyang'anya dawa. Unajua. Yule kijana..."

"Yule kijana alirudi nyuma katika imani."

"Yule kijana alikuwa ananiandikia kwenye simu, baba! Alikuwa anaogopa kusema hajapona, wangemrudisha!"

Hilo hata mimi sikulijua. Nikamwona mwanangu akitafuta mahali pa kuweka macho. Si mtu mbaya. Alikaa juu ya gunia, akavua kofia.

"Mwaitu," sasa alikuwa anaongea na mimi, "duka langu linaangaliana na mlango wa kanisa. Jumapili watu wanatoka ibadani wananunua sukari kwangu. Sasa wanaingia wananiuliza, mwaitu wako mdogo bado anaabudu miungu ya Wahindi? Wanauliza wakicheka. Kisha wananunua sukari kwa jirani. Mimi nifanye nini?"

"Uze chumvi," msichana akasema, na machozi yakimtoka, na sote watatu tulicheka kidogo, kicheko kibaya cha matangani.

Lakini mwanangu alisimama tena. Alichukua mfuko wa nguo za binti yake, akaubeba nje. Alimshika mkono. Msichana hakupigana. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mengine yote. Alisimama tu kama mbuzi aliyekwisha fungwa miguu, uso ukarudi kuwa ule wa siku aliyoletwa. Nilikiona kifuniko cha debe kikishuka.

Nilichukua leso yangu na kiondo changu ambacho hakijaisha, nikatoka, nikapanda pikapu mbele, katikati. Kwa miguu yangu hii si kazi rahisi.

"Mwaitu, unaenda wapi?"

"Kambini. Si umesema unampeleka mwaitu? Niko tayari."

"Usinifanyie hivyo."

"Nikuulize kitu kimoja. Ukifika pale mlangoni watakuuliza, mgonjwa anaitwa nani. Utasema nani?"

Alifungua mdomo. Mwanangu ana nywele nyeupe sasa, na tangu azaliwe hajawahi kulitamka jina langu. Hakuna mtoto wa kwetu anayemtaja mama yake kwa jina, na ndiyo maana hata binti yake hajawahi kumwita kwa jina. Shuleni karo ya binti ililipwa na mke wake. Hospitalini pia mke wake ndiye aliyemwandikisha. Sasa mke wake alikuwa Kikima anauza dukani, na yeye alikuwa peke yake.

"Nitasema..."

"Sema. Nataka kusikia. Sema fulani ana wazimu, mfungieni, mumnyang'anye dawa. Ulitaje jina langu, kisha useme hayo. Sitakulaani. Nitakaa nyuma ya mlango huo huo wanaomfungia, kwa sababu anayefungwa pale ni mimi."

Neno laana sikulisema kwa ubaya, lakini lilikuwa limeshatoka. Kwetu kiumo cha mama, yaani laana yake, ni kitu ambacho hata aliyeokoka hapendi kukisikia kikitajwa katikati ya mchana. Aliingia upande wake, akawasha gari. Msichana alikaa upande wangu mwingine, goti lake linapiga goti langu. Gari likanguruma pale pale uwanjani. Kuku wakakimbia. Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye njia na wanawake wawili, wanangojea kutuombea safari. Mwanangu aliwatazama kupitia kioo, akatutazama sisi. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na haikwenda popote. Jasho lilimtoka kama anayebeba gunia.

Kisha akazima gari, akaweka kichwa chake juu ya usukani.

Usidhani tulishinda. Alipoinua kichwa alikuwa na masharti, na nilikubali yote, maana sikuwa na kingine cha kuweka mezani. Msichana atabaki kwangu, ameze vidonge vyake. Asirudi Kikima mpaka baba yake amwite. Hayo mazoezi, kama lazima ayafanye, ayafanye ndani, mlango umefungwa na dirisha limefungwa, asionekane na mtoto wa mtu. Na mimi niwe ndani naye kila mara, ili mwanangu akiulizwa aweze kuapa kwamba mama yake mzazi anaangalia. Aliwapa wale wanawake maneno hayo njiani, kwa sauti ya chini. Mwenyekiti akatingisha kichwa. Bado ananisalimia. Lakini akina mama wakipanga kwenda kumtembelea mgonjwa, wanapanga nisipokuwepo, na benchi ninalokaa kanisani lina nafasi kubwa siku hizi.

Basi ndivyo tunavyoishi. Asubuhi, kabla bati halijashika moto, nafunga mlango kwa komeo na kuegemeza mchi wa kinu. Ndani kunabaki giza la kijivu, na harufu ya ndengu na ya vumbi la magunia. Jua likipanda, nyumba inakuwa jiko. Msichana anatoa jasho, mimi natoa jasho. Nje nasikia watu wakipita wakishusha sauti wanapofika karibu na boma letu. Nimekuwa kama yeye: nawasikia wote wakiongea huko nje.

Siku nyingine anafanya yote mpaka mwisho. Siku nyingine anakaa tu katikati ya turubai amekumbatia magoti, na mimi namwachia. Karatasi ya kurudi hospitali kuongezewa vidonge anayo, na tarehe tunaijua sote wawili. Tutaenda kwa bodaboda, mimi nikiwa katikati, mtu asemaye na aseme.

Mkao ule wa mwisho nilimwambia siwezi kuuzoea. Akaniambia, susu, ndio unaonisaidia kuliko yote, ndipo kichwa kinanyamaza. Tukajadiliana kama wake wenza wanavyojadiliana kuhusu sufuria. Mwishowe tulikubaliana hivi: alale hivyo kama anavyotaka, macho afumbe, lakini unyayo wake uwe umegusa mguu wangu, na mara kwa mara akunje kidole gumba, nijue yupo.

Leo amelala hivyo. Nimekaa kwenye kigoda, mguu wangu umenyooka mpaka kwake. Nje nasikia kengele ya mbuzi, wameingia kwenye ndengu za mwisho ambazo hatujavuna, wanakula mavuno yetu, na majirani wanawaona na hawaniiti. Siwezi kuinuka. Nangojea kidole.